DADA MASITI WA BARAWA: BIBI ALIYEITIA DINI KATIKA LUGHA YA NYUMBANI



  

Katika kurasa hizi tumezoea kusoma habari za masahaba na maimamu wakubwa. Safari hii tumemchagua mwanamke wa pwani yetu ya Afrika Mashariki, na sababu ya kumchagua ni swali la mwanafunzi wetu mmoja.

Mwanafunzi huyo alikwenda Kyela na wazazi wake kusherehekea Idd kwa bibi yake mzaa baba. Bibi alimpokea kwa furaha, akamketisha karibu naye na kuanza kumzungumzisha Kinyakyusa. Mtoto aliweza kuitikia salamu tu. Baada ya hapo ikabidi binamu yake akae katikati yao kutafsiri. Bibi alitaka kujua mjukuu wake amefika wapi katika Qur'ani. Mjukuu amehifadhi juzuu mbili, alhamdulillah, lakini hakuweza kumweleza bibi hata maana ya Suratul Asr, sura ya aya tatu tu, kwa lugha ambayo bibi anaielewa. Aliporudi hapa Mwanjelwa alituuliza kama ni dhambi mtu kutoijua lugha ya bibi yake.

Hatukumjibu siku ile. Tulimwambia asubiri gazeti. Jibu letu tumelitafuta katika maisha ya Dada Masiti wa Barawa.

MJI WA BARAWA NA LUGHA YAKE

Barawa ni mji mkongwe wa Kiislamu katika pwani ya Somalia, kiasi cha kilomita 200 kusini-magharibi mwa Mogadishu. Ukiitazama ramani utaona kwamba iko mbali sana na Lamu na Mombasa. Hata hivyo wenyeji wa mji ule kwa karne nyingi wamezungumza lugha iliyo ndugu wa damu wa Kiswahili chetu. Wenyewe huiita Chimiini, na wengine huiita Chimbalazi. Sisi tunasema kisu, wao husema chisu. Sisi tunasema kiti, wao husema chiti. Pande zote za mji kuna Wasomali, na Chimiini kimechukua maneno mengi ya Kisomali kama vile Kiswahili kilivyochukua ya Kiarabu.

Kwa hiyo Wabarawa walikuwa watu wa lugha nyingi. Nyumbani walisema Chimiini. Sokoni na kwa wafugaji walisema Kisomali. Msikitini na katika darsa za elimu walisoma Kiarabu. Walipopanda majahazi kwenda Lamu, Mombasa na Zanzibar walisema Kiswahili. Katika karne ya 19 mji huo ulikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, na watu wa sehemu hizi mbili walijuana na kutembeleana.

Jambo hili si geni kwetu. Mtu akipita katika soko la Mwanjelwa asubuhi moja tu husikia Kisafwa, Kinyakyusa, Kindali, Kinyiha, Kikinga na Kibena, na wote hao hukutana katika Kiswahili. Tofauti ni kwamba Wabarawa wa zamani walizijua lugha zao zote bila kuiacha ya nyumbani. Sisi tunapokea moja na kuiweka chini nyingine.

KUZALIWA NA KUPOTEA UGENINI

Katika mji huo, mwanzoni mwa karne ya 19, alizaliwa mtoto wa kike aliyeitwa Mana Sitti binti Habib Jamaluddin. Nasaba yake ilikuwa ya masharifu, yaani kizazi cha Mtume (S.A.W.). Jina lililomshika hadi leo ni Dada Masiti. Hapa msomaji wa Kiswahili awe makini. Kwetu dada ni ndugu wa kike, lakini kwa Wabarawa neno hilo ni la heshima na maana yake ni bibi. Basi Dada Masiti ni Bibi Masiti.

Wazee wa Barawa husimulia kwamba alipokuwa bado mdogo alichukuliwa mbali na kwao, akavushwa bahari kuelekea kusini, akakaa ugenini karibu miaka kumi katika hali ya dhiki na unyonge. Zama zile zilikuwa za biashara ya watumwa, na bahari iliyoleta wanavyuoni ndiyo iliyobeba na watu waliotekwa. Husimuliwa kwamba mwishowe jamaa yake wa upande wa mama alimtafuta na kumrudisha nyumbani.

Tuyafikirie maisha ya msichana huyo. Miaka ambayo mtoto hukua na kuokota maneno kwa mama na shangazi zake, yeye aliipitisha kwa watu wengine. Lugha ya kwao ingeweza kufifia kinywani mwake, kama inavyofifia kwa watoto wengi waliohamishwa mbali. Lakini aliporudi Barawa aliikuta, akaishika, na katika lugha hiyo hiyo akaja kuwa mwalimu wa mji mzima. Mwenye kuonja kukosa kitu huijua thamani yake.

KUTAFUTA ELIMU

Kurudi kwake hakukuwa rahisi. Katika jamii inayotazama sana heshima ya ukoo, binti aliyepotea miaka kumi hutazamwa kwa macho ya maswali. Dada Masiti hakujibizana na watu. Alielekea katika elimu na ibada, akaingia katika tarika ya Qadiriyya, akaishi maisha ya zuhdi bila kuitamani dunia. Taratibu watu waliomtazama kwa mashaka wakaanza kumwendea kwa kutaka dua na nasaha.

Zama hizo Barawa ilikuwa na wanavyuoni wakubwa. Mmoja ni Sheikh Uways bin Muhammad al-Barawi, aliyezaliwa mwaka 1847, akasoma Baghdad na kurudi kuieneza Qadiriyya. Sheikh Uways alifika Zanzibar, na makhalifa wake waliifikisha tarika hiyo bara, katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Aliuawa mwezi wa Aprili 1909 huko Biyoley, kusini mwa Somalia. Mwanachuoni huyu alitunga kasida kwa Kiarabu, na pia alitunga kwa Kisomali akikiandika kwa herufi za Kiarabu, wakati ambapo Kisomali hakikuwa na maandishi rasmi. Mwingine ni Sheikh Nureni Ahmed Sabir, aliyekuwa kadhi wa Barawa, ambaye naye alifariki mwaka 1909.

Wanavyuoni wa mji huo waliona tatizo moja. Vitabu vya fiqhi na tauhidi vilikuwa vya Kiarabu, na waliokijua Kiarabu walikuwa wachache, wengi wao wanaume waliopata nafasi ya kukaa chuoni. Mama aliye jikoni, mfumaji aliye kwenye kitanda chake cha mfumi, na mtumwa aliyesilimu juzi, wote hao waliswali bila kuelewa mengi. Dawa waliyoiona ni kuitia elimu hiyo katika lugha ya nyumbani kwa njia ya mashairi, kwa sababu shairi huhifadhika hata kwa asiyejua kusoma. Wabarawa huyaita mashairi hayo steenzi, yaani tenzi.

TENZI ZA DADA MASITI

Katika kazi hiyo Dada Masiti ana nafasi ya pekee. Alitunga kwa Chimiini, na tenzi zake ni za kumkumbusha mja juu ya Mola wake, upungufu wa dunia na safari ya akhera. Utenzi wake mashuhuri zaidi, unaohusishwa na kifo cha Sheikh Nureni mwaka 1909, unazungumzia mauti yanayomfuata kila aliye hai. Wakati huo Dada Masiti alikuwa bibi mkongwe, na aliyoyasema juu ya mauti aliyasema kama mtu aliyekwisha kufunga mizigo yake.

Angeweza kuridhika na ibada yake chumbani. Lakini aliwatungia wenzake kwa maneno wanayoyatumia kuomba maji na kumbembeleza mtoto. Wanawake wakazihifadhi tenzi hizo kwa moyo, wakazisoma katika vikao vyao, na watoto wakazisikia wakiwa mapajani. Kwa njia hiyo mtoto wa Barawa alipata vitu viwili kwa pamoja: alijifunza dini, na alijifunza lugha yake katika ufasaha wake wa juu. Lugha ya jikoni ikawa pia lugha ya hekima.

Allah (S.W.) ametufahamisha katika Suratu Ibrahim, aya ya 4, kwamba hakumtuma mtume yeyote ila kwa lugha ya watu wake ili awabainishie. Na katika Suratu Rum, aya ya 22, ametaja kutofautiana kwa lugha na rangi zetu kuwa ni katika ishara zake. Dada Masiti alizifanyia kazi aya hizi.

Alifariki tarehe 15 Julai 1919, katika mwezi wa Shawwal mwaka 1337 Hijria, akiwa na umri mkubwa sana. Alizikwa Barawa, na watu wa mji wakawa wanamkumbuka kila mwaka. Allah amrehemu. Amin.

WATU WALIPOTAWANYIKA

Kisa chetu kingeweza kuishia hapo. Lakini mtihani mkubwa wa kazi yake ulikuja zaidi ya miaka sabini baada ya kifo chake.

Somalia ilipata uhuru mwaka 1960. Mwezi wa Oktoba 1972 serikali ilitangaza kwamba Kisomali kitaandikwa kwa herufi za Kilatini, na kikawa lugha ya ofisi na shule. Kwa Wasomali hayo yalikuwa mafanikio makubwa. Chimiini hakikupata nafasi shuleni, kikabaki cha nyumbani na katika tenzi. Kisha mwaka 1991 serikali ya Somalia ikaanguka, vita vikaenea, na Barawa ikavamiwa na kuporwa. Watu wengi wa mji huo walipakia jamaa zao katika vyombo vya baharini wakakimbilia Mombasa, wakaishi katika kambi za wakimbizi. Baadaye wengi wao walihamia Uingereza na Marekani, wakakaa katika miji kama London, Columbus na Atlanta. Lugha ya mji mmoja ikawa imesambaa katika mabara matatu.

Huko ugenini taabu ya lugha ni kubwa, na haiwahusu Wabarawa peke yao. Mtoto wa Kisomali aliyezaliwa London au Columbus husoma Kiingereza kutwa nzima, jioni husoma Qur'ani kwa Kiarabu, na Kisomali hukisikia kwa wazazi tu. Tena hata maandishi humkwaza. Katika Kisomali sauti ya herufi ya Kiarabu haa huandikwa kwa x, na sauti ya ayn huandikwa kwa c. Hivyo jina Hassan huandikwa Xasan, na Ali huandikwa Cali. Mtoto aliyefundishwa herufi hizo kwa Kiingereza huyasoma majina ya babu zake kimakosa. Lakini mtoto wa madrasa anazo sauti hizo tayari, kwa kuwa amezizoea tangu alif, be, te. Akipata mtu wa kumweleza tu kwamba x ni haa na c ni ayn, mlango humfungukia. Hivyo madrasa inaweza kuwa msaada mkubwa wa lugha ya nyumbani kama walimu na wazazi watashirikiana.

Mtoto wa Kibarawa ana mzigo mzito zaidi. Akisema anatoka Somalia, watu hudhani lugha yake ni Kisomali. Akizungumza, wengine hudhani ni Kiswahili kilichoharibika. Lugha yake haina shule wala redio ya taifa, na hakuna serikali inayoipigania. Hata mahali pa kukusanyikia pamewahi kuguswa. Usiku wa kuamkia tarehe 5 Juni 2013 kituo cha Kiislamu cha Al-Rahma huko Muswell Hill, kaskazini mwa London, ambacho jamii ya Wabarawa ilikitumia, kiliteketea kwa moto. Jengo liliungua, lakini yaliyokuwa vifuani mwa watu hayakuungua.

Na humo vifuani zilikuwamo tenzi. Mtu anayekimbia vita huacha nyumba, duka na makaratasi, lakini alichokihifadhi kwa moyo hupanda nacho chomboni bila kulipia nauli. Wabarawa walifika ugenini na tenzi za Dada Masiti na za masheikh wenzake. Mwaka 2018 ulichapishwa huko Leiden, Uholanzi, mkusanyo mkubwa wa tenzi za Barawa ulioandaliwa na Alessandra Vianello, Lidwien Kapteijns na Mohamed Kassim. Bibi aliyewatungia wanawake wa mtaani kwake sasa anasomwa hata katika vyuo vikuu.

MFANO WA NDUGU ZETU WAZIGUA

Asidhani mtu kwamba haya ni ya Barawa tu. Katika karne ya 19 Wazigua wa Tanganyika walichukuliwa utumwani hadi kusini mwa Somalia. Waliokombolewa na waliotoroka walijenga vijiji vyao kandokando ya mto Juba, wakasilimu, wakaishi huko zaidi ya miaka mia moja. Lugha ya Kizigua haikuwatoka. Vita vilipowakimbiza, wengine walirudi Tanzania na katika miaka ya 2000 wakapewa makazi Chogo, wilaya ya Handeni, mkoa wa Tanga. Walipofika kwa Wazigua wa Handeni waliweza kuzungumza nao. Vizazi kadhaa vilizaliwa ugenini, na bado mjukuu aliweza kuelewana na ndugu ambao babu yake aliachana nao.

Hawakuwa na kamusi wala darasa la Kizigua. Walikuwa na wazazi waliowasemesha watoto wao bila kuona haya.

MAFUNZO TUNAYOYAPATA

Kutokana na maisha ya Dada Masiti tunajifunza haya yafuatayo:

Kwanza, lugha haidumu kwa kusifiwa. Hudumu kwa kupewa kazi. Tukiiachia lugha ya wazee kazi ya kutania na kukemea tu, itakufa. Dada Masiti aliipa lugha yake kazi ya juu kabisa, kumtaja Allah na kuiandaa nafsi kwa mauti, nayo ikapata sababu ya kuishi.

Pili, elimu ya dini haikamiliki kwa kuhifadhi tu. Mwenye kujua ana deni la kumfikishia asiyejua, kwa lugha anayoielewa.

Tatu, mwanamke ni mlinzi mkubwa wa dini na lugha. Mama zetu wasijidharau kwa kukosa shahada. Chuo cha kwanza ni mapaja yao.

Nne, aliyepoteza anaweza kurudi. Dada Masiti alipotezwa miaka kumi, akarudi, akawa mwalimu. Mwanafunzi asikate tamaa akiona amechelewa.

JIBU LETU KWA MWANAFUNZI

Sasa tunarudi kwa mwanafunzi wetu aliyekwenda Kyela. Mwanetu, si dhambi kutoijua lugha ambayo hukufundishwa. Hilo kwanza ni la sisi wazazi na walimu, tuliodhani kwamba mtoto akijua Kiswahili, Kiingereza na kusoma Kiarabu basi amekamilika. Wengine wetu tulikuwa tukiona haya kusema lugha zetu mbele ya wageni, na watoto wakaiga haya hiyo. Kiswahili ni neema, ndicho kimetuunganisha na tunakiandikia gazeti hili. Lakini neema moja haikatazi nyingine.

Hata hivyo, kutoijua lugha ya bibi ni hasara, na hasara hii ina muda wake. Bibi yako hatakaa duniani milele. Siku akiondoka ataondoka na maneno, methali na habari za ukoo wako ambazo hakuna kitabu kilichoziandika. Nawe ulikuwa na kitu ambacho bibi alikitaka kwako, maana ya maneno ya Mola wake, ukakosa chombo cha kumpelekea.

Kwa hiyo tunatoa kazi hii kwa wanafunzi wote wa madrasa yetu. Kabla ya Idd ijayo, kila mmoja achague sura moja fupi anayoijua maana yake kwa Kiswahili. Amwendee baba, mama, shangazi au jirani anayeijua lugha ya wazee wake, iwe Kinyakyusa, Kisafwa, Kindali, Kibena, Kihehe, Kisomali au nyingine, amwombe amsaidie kuieleza maana hiyo kwa maneno mepesi. Aihifadhi. Kisha aende kwa bibi au babu yake, akae karibu naye na kumweleza mwenyewe, bila mkalimani. Akikosea neno, bibi atamsahihisha, na kusahihishwa huko ndiko kujifunza kwenyewe. Ambaye hana tena bibi wala babu, na afanye hivyo kwa mzee yeyote wa kwao.

Mwanafunzi wetu wa Kyela atakuwa wa kwanza. Sura yake ni Suratul Asr, na tayari ameanza.

Tunamwomba Allah (S.W.) amrehemu Dada Masiti na wote waliotufikishia dini hii, awajaalie ndugu zetu walio ugenini subira na kheri, na atupe vizazi vitakavyotuombea dua kwa lugha zote alizotuneemesha. Amin.